Nataka kubaki huru kama Nipsey Hussle: je, niukatae mkataba wa lebo?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni rapa mwenye umri wa miaka 23, ninaishi Mwanza. Nimetoa nyimbo 9 kwa fedha zangu mwenyewe, ninazozipata kwa kazi ya kuchomelea mageti na madirisha. Hivi karibuni lebo moja imeniletea mkataba wa albamu 4, pamoja na malipo ya awali ya shilingi milioni 12. Wenzangu wananiambia nisisaini, kwa sababu Nipsey Hussle, yule rapa wa Marekani, hakuwahi kusaini na lebo yoyote. Aliuza CD moja kwa dola 100, akamiliki masta zake (rekodi zenyewe za studio), akatajirika. Nimeshaanza kupanga nichape CD 200 niuze kila moja kwa shilingi 50,000. Kinachonitisha kwenye mkataba ni maneno yanayosema kwamba ninahamisha haki zote za rekodi 'kwa muda wote wa hakimiliki na duniani kote'. Je, niukatae? Na njia ya Nipsey inawezekana kwangu?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa nyimbo 9 ulizozitoa kwa jasho lako. Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa, na ndani yake naona hofu mbili. Moja umeitaja mwenyewe: kuuza kwa shilingi milioni 12 kitu ambacho kesho kinaweza kuwa na thamani kubwa zaidi. Nyingine hukuitaja, lakini ipo: kuikataa fedha ambayo huenda isibishe hodi tena. Zote mbili zina msingi, na haingekuwa haki nikujibu kwa neno moja tu, "saini" au "usisaini". Ila kwanza inabidi tuirekebishe simulizi uliyopewa na wenzako, maana umeifanya dira yako, na ina makosa yanayoweza kukupoteza.

Si kweli kwamba Nipsey Hussle hakuwahi kusaini na lebo. Ermias Asghedom, kama alivyoitwa na wazazi wake, alizaliwa Los Angeles mwaka 1985, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Eritrea. Mwaka 2004 alikwenda Eritrea pamoja na baba yake na kaka yake, wakakaa kwa takriban miezi mitatu, na baadaye alieleza kwamba safari ile ilimfungua macho kuhusu umiliki na biashara. Mwaka uliofuata akatoa miksitepu yake ya kwanza, yaani mkusanyiko wa nyimbo usio albamu rasmi, Slauson Boy Volume 1. Kazi zake za mwanzo aliziuza mkononi, kutoka kwenye buti la gari, katika eneo la makutano ya barabara za Slauson na Crenshaw, mtaani kwao kusini mwa jiji. Mwaka 2008 na 2009 zikafuata miksitepu za Bullets Ain't Got No Name, zilizolitoa jina lake nje ya mtaa, na katika kipindi hichohicho akasaini na Epic, lebo iliyo chini ya Sony. Mwaka 2010 jarida la XXL likamweka kwenye kava lake la kila mwaka la wasanii wapya, albamu yake ya kwanza, South Central State of Mind, ikatangazwa, na hata wimbo wa kuitangulia ukatoka. Albamu yenyewe haikutoka. Mwaka huohuo aliachana na Epic, na mwezi Desemba akatoa The Marathon chini ya kampuni yake mwenyewe, All Money In.

Nakuomba utulie kidogo kwenye sehemu hiyo ya albamu iliyotangazwa isitoke, kwa sababu inahusiana moja kwa moja na karatasi uliyonayo mkononi. Albamu yake ya kwanza rasmi ya studio, Victory Lap, ilitoka tarehe 16 Februari 2018. Kati ya ile iliyoahidiwa na hii iliyotoka ilipita miaka minane, na katika miaka hiyo hakukaa kimya kwa sababu alikuwa huru kutoa kazi kila alipotaka: The Marathon Continues mwaka 2011, Crenshaw mwaka 2013, Mailbox Money siku ya mwisho ya mwaka 2014, Slauson Boy 2 mwaka 2016. Sasa fikiria kama miaka hiyo yote angekuwa amefungwa na mkataba unaohesabu albamu badala ya kuhesabu miaka, na mwenye uamuzi wa lini albamu itoke ni lebo. Mkataba wako wa albamu 4 si mkataba wa miaka 4. Ikiwa lebo ndiyo inayoamua kwamba albamu imekamilika na inastahili kutoka, basi albamu 4 zinaweza kukuchukua miaka 10, nawe katika muda huo huruhusiwi kutoa hata wimbo mmoja pembeni. Kwa maoni yangu jambo hili ni la hatari kuliko hata maneno yaliyokutisha, na nasikitika kwamba vijana wengi hulipita bila kuliona.

Twende sasa kwenye CD ya dola 100, kwa kuwa hapo ndipo unapokaribia kutumbukiza fedha zako. Tarehe 8 Oktoba 2013 Nipsey alitoa Crenshaw. Ni kweli kwamba alichapa nakala 1,000 na kuziuza dola 100 kila moja, ni kweli kwamba zilikwisha ndani ya siku moja, na ni kweli kwamba Jay-Z alinunua nakala 100. Jambo ambalo simulizi ya mtaani huliacha ni kwamba kazi ileile ilipatikana bure kwenye intaneti. Aliyetaka kusikiliza tu alipakua bila kulipa hata senti. Kwa hiyo wale waliolipa dola 100 hawakununua muziki, kwa sababu muziki walikuwa nao tayari. Walinunua heshima ya kuwa miongoni mwa wachache waliosimama naye, na yeye aliuita mpango huo Proud 2 Pay, maana yake kwamba mtu analipa kwa fahari. Wazo lilimjia baada ya kusoma kitabu cha Jonah Berger kuhusu sababu zinazofanya watu wakisambaze kitu kwa mdomo, ambamo mna kisa cha mgahawa mmoja wa Philadelphia uliouza sandwichi ya nyama na jibini kwa dola 100 na kuwafanya watu waizungumzie mji mzima. Bei ile kubwa ilikuwa tangazo.

Tazama pia alichokuwa nacho kabla ya siku hiyo. Kufikia Oktoba 2013 alikuwa na miaka minane ya kutoa kazi, nyingi zikiwa za bure, na alikuwa na mtaa mzima unaomjua kwa sura. Uchache wa nakala haukumtengenezea mashabiki. Mashabiki ndio walioupa uchache ule thamani. Ukianza na nakala 200 kwa shilingi 50,000 huku hujui kama una watu 200 wa namna hiyo, utabaki na maboksi chumbani na deni la kiwanda cha kuchapia. Sisemi usifanye kabisa. Ninachosema ni kwamba upime kwa kiasi ambacho ukikipoteza hutalala njaa. Tengeneza nakala 20, zisaini kwa mkono, ziweke namba, ziuze kwa oda iliyolipwa kabla hujachapa. Watu 20 wakilipa kwa furaha ndani ya wiki moja, utakuwa umejifunza jambo la maana. Wakilipa watano, hilo nalo ni jambo la maana, na utakuwa umelijua kwa gharama ndogo.

Kuhusu utajiri nako tuweke hesabu wazi. Nakala 1,000 kwa dola 100 ni dola 100,000 kabla ya gharama. Ni fedha nzuri, lakini si fedha ya kukaa nayo maisha, hasa Los Angeles. Nipsey alijenga vitu vingi kuizunguka rekodi: mavazi ya Marathon, ambayo duka lake lilifunguliwa mwaka 2017 katika eneo lilelile alikokuwa akiuza CD alipokuwa kijana, na baadaye yeye na mshirika wake wakainunua plaza yenyewe yenye duka hilo. Rekodi zilikuwa mzizi, kipato kilitoka katika matawi mengi.

Na Victory Lap, kazi inayotajwa kuliko zote, haikutoka kwa mikono ya All Money In peke yake. Ilitoka kwa ushirikiano wa kampuni hiyo na Atlantic, mojawapo ya lebo kubwa za Marekani iliyo chini ya Warner. Iliingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ikiwa nafasi ya 4, kwa mauzo yanayolingana na albamu 53,000 katika wiki ya kwanza, ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya rap mwaka 2019. Wapo mashabiki ambao huona aibu kulisema hili, kana kwamba linampunguzia hadhi. Mimi naliona kinyume. Mara ya kwanza aliingia kwenye jengo la lebo kubwa akiwa kijana mwenye miksitepu; mara ya pili alikwenda akiwa na kampuni, hadhira, duka na miaka mingi ya rekodi alizozitoa mwenyewe, akakaa mezani kama mshirika. Tofauti kati ya mikataba hiyo miwili ndiyo inayostahili kuwa somo lako, zaidi ya swali la kama alisaini au hakusaini.

Ili uielewe tofauti hiyo, inabidi tufungue kidogo namna wimbo unavyomilikiwa. Kila wimbo unaoutoa una haki mbili zinazotembea pamoja kama pacha, lakini zinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Kuna utunzi, yaani mashairi yako na muziki uliomo. Na kuna masta, yaani rekodi yenyewe iliyotoka studio, sauti yako ikiwa juu ya biti. Mtu akiucheza wimbo wako mtandaoni, fedha za masta na fedha za utunzi hupita njia mbili. Mfano mzuri upo ndani ya Victory Lap yenyewe. Wimbo uitwao Hussle & Motivate umejengwa juu ya sampo, yaani kipande kilichochukuliwa kutoka rekodi nyingine, ya Hard Knock Life wa Jay-Z, ambao nao ulichukua kipande kutoka kwenye mchezo wa muziki wa Annie. Kwa hiyo hata Nipsey, aliyehubiri umiliki kuliko karibu rapa yeyote wa kizazi chake, hangeweza kuutoa wimbo ule kihalali bila ruhusa ya watu wengine, na katika utunzi wake wapo wengine wenye sehemu.

Nimeleta mfano huo kwa makusudi, kwa sababu nataka nikuulize swali ambalo hukunitarajia niulize: je, una uhakika kwamba masta za nyimbo zako 9 ni zako? Unasema ulizilipia. Risiti ya studio inaonyesha kwamba umelipa, haionyeshi kwamba unamiliki. Prodyuza aliyetengeneza biti ana haki yake katika utunzi, na ikiwa hamkuandikiana chochote, siku wimbo utakapoanza kuingiza fedha atakuja, na hatakuwa mwongo. Biti zilizopakuliwa mtandaoni mara nyingi huja na leseni yenye kikomo cha idadi ya usikilizaji, na biti hiyohiyo inaweza kuwa imeuzwa kwa wasanii wengine hamsini. Kama wimbo wowote kati ya hizo 9 una sampo ya taarabu au dansi la zamani, tatizo ni kubwa zaidi. Nimekaa na wasanii waliokuwa tayari kupigana na lebo kwa ajili ya masta ambazo, tulipofungua makaratasi, hawakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuthibitisha kwamba ni zao.

Sasa malipo ya awali. Shilingi milioni 12 si zawadi wala si mshahara. Ni fedha ambayo lebo itajirudishia kutoka katika mrabaha wako, yaani asilimia yako ya mapato ya nyimbo, pamoja na gharama za studio, video na matangazo ikiwa mkataba unaruhusu hivyo, na mingi huruhusu. Tuchukue mfano wa hesabu, namba zikiwa za kudhania tu. Lebo inakupa milioni 12, inatumia milioni 18 kwenye video na matangazo, na mrabaha wako ni asilimia 20. Deni lako kwenye vitabu ni milioni 30. Lakini deni hilo halilipwi kwa fedha yote inayoingia. Linalipwa kwa asilimia 20 yako tu. Ili deni liishe, nyimbo zako zinapaswa kuingiza shilingi milioni 150. Siku zikifika hapo, lebo itakuwa imepokea milioni 150 kwa kutoa 30, wewe utakuwa bado hujaona shilingi zaidi ya zile 12 za mwanzo, na masta zitaendelea kuwa zake.

Hata hivyo, ningekuwa nakudanganya nikiishia hapo. Lebo inabeba hatari ambayo wewe huibebi. Nyimbo zisipouza, kwa kawaida huna wajibu wa kurudisha ile milioni 12, mradi mkataba useme hivyo kwa maandishi. Hasara ni yao. Ukipita njia ya msambazaji wa mtandaoni ukabaki na asilimia 85 ya mapato, kwa hesabu ileile ya milioni 150 ungepata zaidi ya milioni 127, lakini ni nani angelipia video ya milioni 18? Nani angezungumza na redio, angeandaa shoo, angefuatilia malipo? Uhuru una kazi zake nyingi za kuchosha, na Nipsey alizifanya akiwa na kaka yake na timu iliyomzunguka kwa zaidi ya miaka kumi. Wasanii wengi walio huru hawafiki kwenye hiyo milioni 150 kamwe, na si kwa sababu hawana kipaji.

Katikati ya kuuza kila kitu na kubaki na kila kitu kuna njia ambazo huenda hukuonyeshwa. Upo mkataba wa usambazaji, ambapo masta zinabaki zako na mwenzako anachukua asilimia yake kwa kuzifikisha sokoni. Upo mkataba wa leseni, ambapo lebo inazitumia masta kwa miaka maalumu, tuseme 7 au 10, kisha zinarudi kwako. Upo ushirikiano wa kampuni mbili, kama ule wa All Money In na Atlantic, ingawa huo hupewa mtu mwenye kitu cha kuleta mezani. Ukirudi kwa lebo yako ukasema, "Nipo tayari kufanya kazi nanyi, lakini naomba albamu 1 badala ya 4, mkiwa na hiari ya moja zaidi kwa makubaliano mapya, na masta zirudi kwangu baada ya miaka 10," utakuwa umeuliza swali la kawaida kabisa katika biashara hii. Jibu lao litakufundisha mengi kuhusu wao. Pengine watapunguza zile milioni 12, na hiyo ni haki yao. Wewe ndiye wa kupima kama muda ulioukomboa una thamani ya tofauti hiyo.

Yale maneno yaliyokutisha, "kwa muda wote wa hakimiliki na duniani kote", yana maana ileile uliyoiogopa. Muda wa hakimiliki ni miongo mingi, na kwa vyovyote unaweza kupita umri wako. Baadhi ya watu watakutuliza kwa kusema kwamba haki hurudi zenyewe baada ya miaka 35. Wanachokitaja ni kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, chenye masharti mengi, na hazirudi zenyewe bali hudaiwa kwa taarifa rasmi. Usikitegemee kwa mkataba uliosainiwa Mwanza. Na muda huo mrefu si jambo la nadharia. Nipsey aliuawa kwa risasi tarehe 31 Machi 2019 nje ya duka lake, akiwa na umri wa miaka 33, akaacha watoto wawili. Katika majuma yaliyofuata Victory Lap ilipanda hadi nafasi ya 2 ya Billboard 200, na Januari 2020 akapewa Grammy mbili, kwa Racks in the Middle na kwa Higher aliyoshirikishwa na DJ Khaled pamoja na John Legend. Rekodi huendelea kufanya kazi baada ya aliyezirekodi, na jina lililoandikwa kwenye karatasi ndilo linaloamua fedha hizo zinaingia nyumba ipi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiusaini mkataba huo kama ulivyo, lakini usiwafungie mlango. Waombe siku 21 za kuusoma na ushauri wa kisheria, kwa maandishi. Wakikuambia fursa inaisha Ijumaa, chukulia haraka hiyo kuwa sababu ya kwanza ya kusita.

Mimi nimeona mstari mmoja tu wa mkataba wako, na hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekushauri kwa mstari mmoja hadi mwisho. Unahitaji kukaa ana kwa ana na wakili anayeshughulikia hakimiliki, asiwe yule aliyependekezwa na lebo. Nenda kabla ya kusaini chochote, hata ile karatasi watakayoiita ya makubaliano ya mwanzo tu. Na usisubiri hata siku moja ukigundua lolote kati ya haya: kwamba mtu huyohuyo anataka kuwa meneja wako na mmiliki wa lebo, kwamba mkataba unachukua na utunzi, si masta pekee, kwamba unadai sehemu ya shoo zako au ya kazi zako nyingine, au kwamba umeandikwa kwa Kiingereza ambacho mtu hajakufafanulia mstari kwa mstari. Ada ya wakili utaiona kubwa kwa fedha ya kuchomelea mageti. Itoe kabla ya kutoa ile ya kuchapa CD.

Siku ya kwenda kwake, beba mkataba wote, si picha za kurasa ulizozitilia shaka, pamoja na orodha ya nyimbo 9: kila wimbo, jina la prodyuza, tarehe ya kurekodi, biti ilipotoka, nani mwingine aliandika hata ubeti mmoja, na kama umesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au bado. Wiki hii, kabla ya yote hayo, mpigie simu prodyuza wa wimbo wako wa kwanza, muulize kwa heshima kama yupo tayari muandikiane mgawanyo wenu, kisha umfuate wa pili.